Mguu wa Breki

Jumamosi asubuhi, Zabroni Kalinga alilala chali juu ya gunia chini ya pikapu yake, uani kwake Mlandege, akahangaika na nati ya paipu ya breki iliyokuwa imegoma tangu jana yake. Magongo yake alikuwa ameyaegemeza kwenye bampa ya mbele. Paipu zile zilikuwa na umri wa gari lenyewe. Ukizikwaruza kwa ukucha zilimenyeka vipande vipande kama maganda ya kitunguu, na ndani yake kilitoka kitu cheusi ambacho zamani kilikuwa mafuta ya breki.

Fundi wa pale barabarani alikuwa amekagua akasema inayovuja ni moja tu, ya gurudumu la nyuma kulia. Zilizobaki bado zina maisha. Zabroni alimshukuru, akaenda dukani akanunua paipu mpya za shaba za gari zima.

"Zote?" mkewe Sabina alimuuliza.

"Zote, mama Devota."

Sabina alijua sababu. Dereva angekuwa yeye. Pikapu ilikuwa ya kaka yake aliyefariki Njombe, na tangu waipokee alikuwa amejifunza kuendesha, akapata leseni, akaamua kwamba atakuwa anafuata vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuviuza sokoni Mlandege. Kwenda Ruaha Mbuyuni ni lazima ushuke mlima Kitonga. Na Kitonga ndiko Zabroni alikouacha mguu wake wa kulia.

Wakati huo alikuwa dereva wa Gideoni, tajiri wa Mbeya mwenye malori ya mbao. Wiki ya ajali alikuwa ameomba paipu mpya za breki, na Gideoni alimjibu kwamba zilizopo bado zina maisha. Alipakia mbao Mafinga, akakaa na utingo wake Bartholomeo, ambaye pia alikuwa jirani yake, wakaanza kushuka. Kumbukumbu ya Zabroni iliishia kwenye kona ambako nyani hukaa ukingoni kusubiri ndizi za abiria. Baada ya hapo alikumbuka dari nyeupe ya hospitali. Lori lilikuwa limeingia korongoni, Bartholomeo alikuwa amekufa, na mlango wa kebini ulikuwa umeukata mguu wa Zabroni gotini. Mkulima mmoja wa Ruaha Mbuyuni aitwaye Bushiri, aliyekuwa akirudi kutoka mjini, ndiye aliyesaidia kumtoa. Kwa kuwa hakuna mtu aliyejua mguu upelekwe wapi, Bushiri aliufunga kwa kanga ya mkewe, akaenda nao, akauzika shambani kwake kwa heshima, kama anavyozikwa mtu.

Trafiki waliopima barabara walisema hakukuwa na alama za matairi. Gideoni alikuja hospitali na machungwa, akaketi kando ya kitanda.

"Ulisinzia, Zabroni," alisema. "Mtu aliyekanyaga breki huacha alama."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu, na labda ndiyo maana maneno yale yaliingia. Madereva wenzake wakayarudia. Majirani wakayarudia. Mwishowe Zabroni mwenyewe, akiulizwa kilichotokea, alijibu kwamba inaelekea alisinzia. Faustina, mjane wa Bartholomeo, aliyekaa uchochoro wa pili, kila alipomwona kwa mbali alivuka upande mwingine wa njia.

Hadi alasiri ya Jumamosi hiyo paipu mpya zilikuwa zimekaa mahali pake. Zabroni alikuwa amezikunja taratibu kuzunguka chupa ya soda ili zisivunjike, akazifunga moja baada ya nyingine, akajaza mafuta mapya. Ilibaki kutoa upepo. Upepo ukibaki ndani ya paipu, pedeli hushuka bure na gari halisimami, kwa hiyo kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja akae kwenye usukani akanyage, mwingine awe gurudumuni afungue skrubu ndogo upepo utoke.

Sabina alipanda akakaa. Zabroni akarudi chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akafungua, akafunga. "Achia. Kanyaga tena."

Walizunguka magurudumu yote, wakarudia, wakarudia tena. Pedeli iliendelea kuzama hadi chini, laini kama ugali usioiva.

"Umekanyaga kweli?" Zabroni aliuliza kutoka chini ya gari.

"Nimekanyaga."

"Umekanyaga kweli, au umegusa tu?"

Swali lile ndilo Zabroni aliloulizwa hospitali, kwa sauti ile ile, na trafiki aliyeandika maelezo yake. Zabroni alijivuta nje, akajifuta mikono, akasema wataendelea kesho.

Jua lilikuwa halijazama simu ilipoita. Alikuwa Bushiri.

"Bwana Zabroni, habari za huko? Na baridi hiyo yenu?"

"Tunaivumilia. Vitunguu vinaendeleaje?"

"Vizuri, tunashukuru Mungu. Nakupigia kwa habari ya mguu. Umeondoka."

"Umeibiwa?"

"Hapana. Mwizi angefukua kutoka juu. Huu udongo umesukumwa kutoka chini. Na kuna nyayo, za kulia tupu, zimekwenda hadi kwenye lami, zikageukia huko kwenu. Umeangusha vitunguu vichache tu. Umetoka kwa adabu."

Zabroni alimshukuru kwa taarifa, akampa salamu za mkewe. Kisha akamweleza Sabina, ambaye alikuwa anasonga ugali.

"Utafika lini?" Sabina aliuliza.

"Usipopata lifti, kesho. Kitonga ni parefu kwa mguu."

Kesho yake walipotoka kanisani waliukuta mguu getini. Ulikuwa umesimama wima, umeegemea ukuta, vumbi hadi juu, kanga ya mke wa Bushiri ikiwa bado imefungwa pale goti lilipoishia. Jirani yao Rozalia alichungulia juu ya ua.

"Mgeni wenu yupo tangu ibada ya kwanza," alisema. "Nimempa kigoda. Haketi."

"Asante, mama," Sabina alisema. "Tulijua anakuja."

Aliufungulia mlango, akaupashia maji moto, akauweka kwenye beseni akaanza kuuosha. Mguu ulitulia. Vidole vilikuwa vile vile, na kidole gumba bado kilikuwa na kovu la shoka la utotoni. Alipougeuza aoshe unyayo, aliacha kusugua.

"Baba Devota. Njoo uone."

Unyayo ulikuwa umechorwa. Mistari ya raba ya pedeli ilikuwa imepenya soli ya kiatu, ikapenya soksi, ikaingia katika nyama na kukaa humo, minene na iliyonyooka, pembeni ikionekana hata ile pembe ya raba iliyokuwa imekatika na ambayo Zabroni alikuwa akiihisi chini ya kiatu kila siku ya kazi. Chini ya vidole ngozi ilikuwa nyeusi kwa kuvilia damu. Mguu uliokanyaga kawaida hauwi hivyo. Huu ulikuwa umekanyaga mpaka mwisho, na ulipofika mwisho ulikuwa umeendelea kukanyaga.

Zabroni alipitisha kidole kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine.

"Nilikanyaga," alisema.

"Ulikanyaga."

"Sikusinzia, mama Devota. Nilikanyaga, haikushika."

"Naona."

Alicheka kidogo, akalia kidogo, halafu akaomba chai. Alikunywa akiwa amekaa chini palepale kando ya beseni, mkono wake juu ya mguu, na Sabina aliona mabega yake yameshuka. Kwa muda wote tangu hospitali yalikuwa juu, kama ya mtu anayesubiri kupigwa, naye alikuwa ameyazoea hivyo akasahau kwamba zamani hayakuwa hivyo.

Mguu ulipokauka ulivuka ua, ukaruka ndani ya pikapu, ukakaa kwenye pedeli ukisubiri. Basi wakaendelea na kazi. Safari hii Sabina alishika chupa na kuongeza mafuta, Zabroni akafungua skrubu.

"Kanyaga."

Mguu ukakanyaga.

"Shikilia. Achia."

Haukuhitaji kuelezwa mara mbili. Povu lilitoka kwenye gurudumu la nyuma kulia, kisha kushoto, likaja la mbele, povu jingi ambalo hawakujua jana lilikuwa limejificha wapi. Kwenye gurudumu la mwisho ulitoka upepo mrefu mmoja, kama mtu anayetua mzigo, halafu yakaja mafuta matupu, safi. Zabroni alipanda akabonyeza pedeli kwa mkono. Ilishuka kidogo ikasimama, ngumu kama jiwe la kusagia.

"Imeshika," alisema.

"Imeshika," Sabina alisema, akaenda kuepua maharage.

Walipogeuka mguu haukuwepo garini. Zabroni aliufuata kwa magongo, akiangalia alama zake vumbini, hadi uchochoro wa pili. Mlango wa Faustina ulikuwa wazi. Mguu ulikuwa umelazwa juu ya mkeka, unyayo ukiangalia mwanga, na Faustina alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Kamwene," Zabroni alisalimu kwa Kihehe kutoka mlangoni.

"Kamwene," Faustina alijibu bila kugeuka. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu mazishi. "Umebisha hodi kwa kisigino. Nikafungua." Aliendelea kuutazama. "Huyu alikanyaga."

"Ndiyo."

"Mimi kila nikikuona nilikuwa najiambia, yule alilala, akamuua Bartholomeo wangu usingizini. Hata mkono wa amani kanisani nilikuwa sikupi."

"Na mimi nilijiambia hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Sikukumbuka. Waliosema walisema kwa uhakika."

Faustina aliinuka, akamsogezea kiti, akampa viazi vitamu vilivyobaki asubuhi. Alilia huku akimenya, bila kelele, na alipomaliza alisema usingizi unamjia, wa kweli, kama wa mtoto. Lakini kabla ya kumruhusu aondoke alisema jambo moja zaidi.

"Nimemchukia asiyestahili. Anayestahili yuko Mbeya. Twende akauone."

Walipanda basi la asubuhi, Zabroni, Faustina na mguu. Kondakta aliuangalia akasema mguu ni sehemu ya abiria, hauna tatizo, ila usizuie njia. Ulikaa chini ya kiti safari nzima. Walipopita Mafinga, harufu ya mbao mbichi ikaingia madirishani, na Faustina alifunika uso kwa kitenge hadi harufu ilipokwisha.

Ua wa Gideoni ulikuwa kando ya barabara kuu. Malori yalikuwa yamepangwa na mafundi walikuwa kazini. Mmoja alikuwa chini ya lori lililojaa mbao, akifunga paipu ya breki kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Gideoni aliwapokea vizuri. Aliwaagizia soda. Alimpa Faustina pole ambayo alikuwa amekwisha kumpa msibani, kisha akavaa miwani na kuuangalia mguu kwa makini, akiugeuzageuza.

"Ndiyo," alisema. "Hii ni pedeli ya lori langu. Raba yake ilikatika pembe hii, naikumbuka."

"Basi alikanyaga," Faustina alisema.

"Alikanyaga. Sibishi, mama. Kitu kinaonekana."

"Basi ukaseme."

"Nikamwambie nani? Jambo lenyewe lilishafungwa. Aliyepima barabara amehamishwa. Na mguu huu ulishazikwa. Kilichozikwa hakisimami mbele ya watu kikatoa ushahidi, hata kama kinasimama." Alivua miwani akamgeukia Zabroni. "Wewe ulikuwa dereva mzuri. Hilo sijawahi kulikana popote."

"Nilikuomba paipu, bosi," Zabroni alisema.

"Uliniomba. Nikakwambia zilikuwa bado zina maisha, na kweli nilidhani hivyo."

"Bartholomeo pia alikuwa bado ana maisha," Faustina alisema.

Gideoni aliinamisha kichwa. "Mungu amlaze mahali pema," alisema, na alisema kwa dhati. Aliwapa mikono, akainama akaugusa mguu kidogo kwa vidole, akawasindikiza hadi kwenye geti. Hapo lori lile lenye kipande cha tyubu lilikuwa linatoka. Zabroni alimwinulia gongo dereva wake, mtu mzima mcheshi aliyevaa kofia ya sufu.

"Ndugu yangu, paipu zako hizo."

"Nimeshamwambia bosi," dereva alisema. "Kasema mwezi ujao." Akawapungia mkono, akaingia barabarani kuelekea Iringa.

Waliporudi Mlandege, mguu haukutaka kukaa. Waliulaza ndani, na kila asubuhi waliukuta getini, vidole vimeelekezwa barabara ya Ruaha Mbuyuni. Sabina alisema huo una kwao sasa, na kuuzuia ni kuutesa. Basi walipakia magunia matupu, wakauweka mguu katikati ya kiti, na Faustina akaja akiwa amevaa gauni lake la Jumapili, akasema naye ana sehemu ya kufika.

Sabina aliendesha. Kileleni mwa Kitonga alipunguza gia kama alivyofundishwa. Kwenye kona ya nyani Sabina alikanyaga breki na pikapu ikatii, ikateremka polepole kama ng'ombe anayeijua njia. Nyani mmoja aliwatazama akarudi kujikuna.

"Nikikuomba usimame hapo chini, utasimama?" Faustina aliuliza.

"Nitasimama."

"Na gari litasimama?"

"Litasimama," Sabina alisema, akakanyaga. Lilisimama kandokando ya korongo, bila kuteleza hata kidogo. Faustina alishuka, akatazama chini ambako vipande vya mbao vilikuwa vimeanza kuota uyoga. Alikaa kule muda wake. Aliporudi alifunga mlango kwa nguvu kidogo kwa kuwa ulikuwa na ubovu wake, akasema, "Haya, twende. Nimemwambia."

Bushiri alikuwa amekwisha kulitengeneza shimo. Aliuliza wazike kina gani, na Zabroni akasema kisizidi sana, kusudi ukitaka kutoka usiangushe vitunguu vingi. Wakauviringisha katika kanga ile ile, iliyofuliwa. Bushiri aliomba dua yake, Zabroni na Sabina wakasema Baba Yetu, Faustina akapiga ishara ya msalaba. Udongo uliporudi juu, Bushiri alipandikiza miche ya vitunguu hapo hapo kwa kuwa maji ya mfereji yalikuwa yamefunguliwa na zamu yake ilikuwa inakwisha. Walikula wali kwa samaki wa mtoni, wakapakia magunia, wakaagana.

Kwenye mpando wa Kitonga Zabroni alilala. Kichwa chake kiliegemea bega la Faustina, mdomo wazi kidogo, na Faustina alimwacha.

Walikuwa wamefika katikati waliposikia honi kutoka juu, ndefu, isiyokatika. Sabina alitoka kabisa barabarani, akasimamisha pikapu kwenye changarawe, akavuta na breki ya mkono. Lori la mbao lilikuja likishuka, likinuka raba inayoungua, na yule dereva mwenye kofia ya sufu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anaangalia mbele tu. Lilipowapita, paja la kulia la Zabroni, ambalo lilikuwa halina kitu chini yake, liliruka usingizini likakandamiza, likashikilia, likashikilia. Lori lilifika konani, likainama, likakunja, likaendelea na safari yake. Siku ile lilipita.

Paja likaachia. Zabroni hakuamka. Sabina alisubiri hadi harufu ikaisha, akashusha breki ya mkono, akaingiza gia, wakapanda.